Dromo Aulizia Njia ya New York

Alexander Hamilton, tabibu Mskoti wa mji wa Annapolis ambaye hana uhusiano na mwanasiasa wa jina hilohilo aliyekuja kuwa waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, ameacha mojawapo ya maelezo bora kuhusu maisha ya kila siku katika makoloni ya Uingereza ya Amerika Kaskazini. Akisumbuliwa na kifua kikuu na kutumaini kwamba safari ingemrudishia afya, aliondoka Maryland tarehe 30 Mei 1744, akafika Maine kwa farasi na vivuko, akarejea mwishoni mwa Septemba akiwa amekwenda, kwa hesabu yake mwenyewe, maili 1,624, na yote hayo akayaweka katika shajara, yaani kumbukumbu iliyoandikwa siku baada ya siku. Alisafiri pamoja na mtumwa wake, mtu mweusi aliyeitwa Dromo, jina ambalo katika tamthilia za kale za Kirumi walipewa wahusika watumwa.

Hamilton alikuwa na jicho la tabibu na ulimi wa mcheshi, na watu aliwapima zaidi mezani. Kwenye kivuko cha mto Susquehanna alimkuta mwenye kivuko na jamaa zake wakila samaki kwa mikono kutoka chombo kimoja cha mti kilichojaa uchafu, bila kitambaa, kisu wala sahani. Walipomkaribisha, akasema hana hamu ya kula. Huko Philadelphia aliketi meza moja na watu wapatao 25, wakiwamo Waskoti, Wajerumani, Waayalandi, Wakatoliki, Wamoravia, Myahudi mmoja na Wakweka, yaani wafuasi wa dhehebu la Kikristo linalokataa vita na viapo. New York ilimchosha kwa ulevi, kwa kuwa mgeni asiyeweza kunywa sawa na wenyeji hakuhesabiwa kuwa mwenzao, na huko Rhode Island alipewa glasi ya divai nzuri na chifu wa wenyeji wa asili, mwenye maelfu ya ekari na wapangaji, ambaye mkewe alivaa hariri kwa mtindo wa Kiingereza.

Katikati ya meza hizo zote kuna mistari michache iliyoandikwa kwa ajili ya kuchekesha, na ndiyo inayomsumbua msomaji wa leo kuliko kurasa nyingine. Katika kisiwa cha Long Island, minara ya makanisa ya New York ikiwa imekwisha kuonekana ng'ambo ya maji, Dromo alikuwa ametangulia hatua kama ishirini, na Hamilton alipomfikia alimkuta amesimama mbele ya nyumba akizungumza na msichana mweusi. Dromo aliuliza kwa Kiingereza chake cha Maryland kama hiyo ndiyo njia ya kwenda York. Msichana akajibu kwa Kiholanzi kwamba ndiyo, huku akiionyesha minara kwa kidole. Dromo hakuelewa, akauliza tena, akajibiwa tena kwa adabu, kwa neno la heshima ambalo Mholanzi humwitia bwana. Akauliza kwa ukali zaidi, akapata jibu lilelile. Mwishowe alimtupia msichana tusi zito, lenye kuutaja weusi wake, akaondoka na farasi wake. Tabibu aliyanukuu maneno ya wote wawili kwa tahajia ya kuwadhihaki, kisha akaendelea na safari bila neno la kufafanua.

Waingereza walikuwa wameitwaa New York kutoka kwa Waholanzi mwaka 1664, lakini miaka 80 baadaye mashamba ya upande huo wa Long Island yalikuwa bado yanazungumza Kiholanzi, na mtumwa alijifunza lugha ya jiko na shamba alimowekwa. Kwa hiyo watu wawili wenye asili moja ya Afrika, na walioshikwa na utumwa uleule chini ya mfalme mmoja, walitenganishwa na lugha za mabwana zao kiasi cha kushindwa kuelekezana njia iliyokuwa wazi mbele ya macho yao. Hata hivyo, alipofunga shajara yake, Hamilton aliandika kwamba tabia na adabu za watu wa majimbo aliyopita hazikutofautiana sana, isipokuwa kwamba miji mikubwa, hasa Boston, ilikuwa imestaarabika zaidi. Hitimisho hilo huenda lilikuwa sahihi kwa mtu aliyekaribishwa kila alikokwenda na kuzungumza Kiingereza na wenye nyumba. Ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyetangulia hatua ishirini angeandika vivyo hivyo.

Tena mji ambao minara yake ilionyeshwa na msichana yule haukuwa mji wa kawaida kwa mtu mweusi mgeni. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1741, baada ya moto kuzuka mara kwa mara na uvumi wa njama ya watumwa kuenea, mahakama za New York ziliamuru watu weusi 13 wachomwe moto wakiwa hai na wengine 17 wanyongwe, kwa ushahidi ambao wengi waliutilia shaka. Je, Dromo alikuwa amesikia habari hizo alipokuwa akirudia swali lake kwa ukali unaozidi? Na msichana yule, aliyejibu mara tatu kwa upole na kulipwa matusi, alidhani anazungumza na nani?