Tunapanda Miti, Hatuijui Majina

Usilolijua ni usiku wa kiza, walilonga wahenga. Nami niliuonja ukweli wa kauli hiyo mwaka 2023, shule yetu ilipokuwa ikijiandaa kwa tarehe 13 Novemba, siku iliyotengwa na Serikali kwa upanzi wa miti.

Tulikuwa na miche ya mikalitusi na migrevilia, lakini nafasi ilikuwa haba. Kando ya ua palisimama mti mkongwe wenye gome jeusi lililopasukapasuka. Mwanafunzi mmoja akaniuliza jina lake. Nikamjibu, "Huo ni mti wa msituni tu." Kufikia jioni, mti ulikuwa chini.

Kesho yake akapita mzee jirani. Aliokota tawi, akafikicha jani, akanisogezea puani. Lilinukia lozi chungu. "Mwalimu, mmekata omoiri," akasema. Sikuwa na la kumjibu.

Omoiri ndio mti ambao wataalamu huuita Prunus africana. Gome lake hununuliwa ng'ambo kutengenezea dawa ya maradhi ya tezi dume, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Tuliukata ili tupate mahali pa kupanda miti!

Tangu siku hiyo nimejifanya mwanafunzi. Nimejifunza kwamba anayeanza asikimbilie kubahatisha jina. Kwanza atazame majani: je, yamekabiliana kwenye kitawi au yanapishana? Ni jani zima, au limegawanyika vipande? Alifikiche alinuse. Kisha aguse gome, atazame utomvu, na asubiri maua na matunda. Omotembe una vijani vitatu vitatu, miiba shinani na maua mekundu kama moto. Omosocho una jani la umbo la moyo, ambalo hugeuka rangi ya machungwa kabla ya kuanguka. Omoiri una kikonyo chenye wekundu. Aidha, asihukumu kwa jani moja. Mikalitusi mingi huwa na majani ya utotoni yasiyofanana hata kidogo na yale ya utu uzima.

Huenda msomaji akauliza, majina yana faida gani? Hebu asimame juu ya kilima cha Manga, atazame Kisii upande mmoja na Nyamira upande wa pili. Kati ya chai, ndizi na mahindi, ataona mikalitusi, mti uliotoka Australia. Simlaumu mkulima. Mkalitusi hukua upesi, hutoa nguzo na kuni, na hulipa karo. Lakini mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliamuru ung'olewe kando ya mito na chemchemi kwa kuwa hunywa maji mengi. Mkulima anayejua mti mmoja tu atapanda nini mahali pake?

Walimu wenzangu, hatuhitaji maabara kwa somo hili. Kila mwanafunzi na achague mti mmoja karibu na kwao, autazame mwaka mzima, achore jani lake, na aandike mwezi unapochanua. Jina la Ekegusii amwulize babu au nyanya yake, maana wazee hawa ndio maktaba yetu, na kila msimu tunawazika wengine wao. Jina la kitaalamu atalipata katika kitabu cha Henry Beentje kuhusu miti na vichaka vya Kenya, kilichochapishwa na Makavazi ya Taifa mwaka 1994. Majina yote mawili yakiandikwa daftarini, elimu ya mzee haitazikwa pamoja naye.

Nanyi wanafunzi, msichoke kuuliza. Yule aliyeniuliza siku ile nilimwita baadaye, nikampa jibu lake sahihi. Aliniuliza tena, "Uko wapi mwingine, Mwalimu, niutazame?" Tungali tunautafuta.