Ada ya jimu au ukuta wa sebuleni

Mwaka 2006 wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha hesabu za wanachama wa jimu tatu za Marekani. Waliojiunga kwa ada ya mwezi, zaidi ya dola 70, walionekana kwa wastani mara 4.3 tu kwa mwezi. Ukigawa, kila siku waliyokwenda iliwatoka zaidi ya dola 17, na huku jimu hizohizo zilikuwa zikiuza tiketi ya kuingia mara kumi ambayo ilishusha bei hadi dola 10. Watu walilipa ziada kwa siku ambazo hawakwenda.

Hesabu hiyo ukiileta Dar es Salaam haibadiliki sana. Tuseme jimu ya mtaani inatoza 60,000 kwa mwezi au 5,000 kwa siku. Bei hutofautiana, weka za kwenu. Nauli ya daladala kwa safari fupi, kwa viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023, ni 600 kwenda na 600 kurudi. Ukihudhuria mara 12, kila siku imekugharimu 6,200. Ukihudhuria mara nne, ni 16,200. Ungelipa kwa siku, zile mara nne zingebaki 6,200 kila moja. Kwa hiyo ada ya mwezi inamfaa mwenye uhakika wa kufika zaidi ya mara 12, na anayeanza leo, anayehema akipanda ghorofa moja, hana uhakika huo. Maumivu ya misuli hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na hapo ni rahisi kuaga.

Klabu za jogging, zile zinazopita barabarani alfajiri ya Jumapili kwa jezi na nyimbo za mchakamchaka, ni rahisi zaidi: mchango, jezi, raba za mtumba. Faida yake kubwa ni watu, kwa sababu usipotokea utaulizwa. Lakini kila hatua ya kukimbia hutua mguuni kwa uzito wa mara mbili hadi tatu ya mwili, na mwenye kilo 95 na magoti yaliyolala miaka mingi anaweza kulipia hatua hizo hospitalini. Kama unajiunga, tembea nyuma ya kundi mwezi mzima bila aibu.

Halafu kuna video za simu, zinazoitwa za bure. Bando lako linajua si za bure: dakika 20 kwa ubora wa 480 hula karibu MB 200, na ukitazama mara tatu kwa wiki umevuka GB 2 kwa mwezi. Pakua moja mara moja, basi. Tatizo kubwa ni kwamba nyingi hazikutengenezwa kwa ajili yako. Ule mfululizo maarufu wa dakika saba uliochapishwa 2013, mazoezi 12 ya sekunde 30 kila moja, unahitaji kiti na ukuta tu, ila walioutunga walitaka ufanywe kwa nguvu karibu na mwisho wa uwezo. Mazoezi ya Tabata, ya vipindi vifupi vya nguvu, nayo yalitokana na utafiti wa Kijapani wa 1996, vijana wenye mazoezi wakikanyaga baiskeli hadi kuishiwa. Ukimpa hayo mtu wa kitambi siku ya kwanza, unamrudisha kwenye kichurachura cha shuleni, na sote tunakumbuka kile kilikuwa adhabu.

Sasa nyumbani, ambako ndiko ningemwanzisha karibu kila mtu. Watu hudhani mazoezi bila vifaa ni uzito mmoja usiobadilika. Si kweli. Pushapu ya kawaida sakafuni hubebesha mikono karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili. Ukiweka magoti chini, inashuka hadi karibu nusu. Ukishika ukingo wa meza imara, inapungua tena. Ukisimama hatua moja kutoka ukutani na kuusukuma, unabeba kiasi kidogo kabisa, na ukitaka kuongeza unarudisha miguu nyuma kwa upana wa kiganja. Hiyo ni mashine kamili ya kubadilisha uzito, na umeshailipia kwenye kodi ya nyumba.

Miguu inataka kiti. Kaa, simama, bila kushika popote, mara nane, pumzika, rudia. Kiti cha plastiki kwenye vigae huteleza, kwa hiyo kiegemeze ukutani, na ufanye peku, si kwa soksi. Ukizoea, shuka hadi uguse tu kiti na kunyanyuka. Kiuno na makalio: lala chali mkekani, kunja magoti, nyanyua nyonga, hesabu hadi tatu, shusha. Mkeka wa kawaida unatosha. Ule wa rangi wa dukani hauna la ziada.

Kinachokosekana ni kuvuta. Ukuta husukumwa tu, na mgongo unabaki bila kazi. Hapa ndoo ya maji inaokoa, kwa sababu lita moja ni kilo moja. Anza na lita tano: inama kwa mgongo ulionyooka, mkono mmoja umeshika kiti, mwingine uvute ndoo hadi ubavuni. Wiki ijayo ongeza kopo moja. Vyuma vya dukani huruka kilo mbili au tano kwa mara moja na kila jozi ina bei yake. Ndoo yenye kifuniko, tafadhali, kama unapenda zulia lako.

Usibane pumzi unaponyanyua, maana presha hupanda. Hela ya kwanza kutumia, kabla ya raba au chochote, ni ya kupima presha, hasa ukiwa umevuka miaka 40 au una kisukari. Kifua kikibana, acha na uende kuonwa na daktari.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linataka angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki na siku mbili za kukaza misuli. Ukifanya yale ya ukuta, kiti na ndoo mara mbili kwa wiki, siku hizo mbili umezipata. Zile dakika ni kutembea kwa kasi inayokuruhusu kuongea lakini si kuimba, na kushuka daladala kituo kimoja kabla hakugharimu kitu.

Nyumbani nako kuna gharama, ingawa si ya hela. Chumba kimoja chenye watoto wawili na jiko la mkaa hakina nafasi ya kulala chali saa kumi na mbili jioni. Mama mwenye dera lake ndani anafurahia kutokuonekana, lakini ndiye pia anayeitwa kila dakika. Kama muda wako nyumbani hauwi wako kamwe, basi jimu yenye saa za wanawake inauza kitu halisi, yaani mlango wa kufunga, na hapo sitabisha na bei.

Kwa wengine, subiri hadi ufanye pushapu kumi safi za sakafuni na ndoo ya lita 20 iwe nyepesi. Hapo jimu inaanza kuwa na kitu usichonacho: chuma kizito na mtu wa kukusimamia. Lipa kwa siku mwezi wa kwanza na uweke hesabu ya siku ulizofika. Wakikushawishi ulipe mwaka mzima kwa punguzo, uliza kama ada husimamishwa ukisafiri au ukiugua, na jibu liandikwe kwenye risiti.