Treni Hukataje Kona Bila Usukani?

Swali la mwezi huu limetoka Moshi. Marafiki wanne wamejenga reli ndogo juu ya meza mbili walizoziunganisha sebuleni kwa mmoja wao. Tuta ni la maboksi, reli ni za waya mnene, mabehewa ni makopo yaliyokatwa na kupakwa rangi, na magurudumu yamekatwa kwenye ndala kuukuu, kila moja likizunguka kivyake kwenye msumari. Njia ikinyooka, treni inateleza vizuri. Ikifika kona, inaacha njia. "Gari la waya tuliloendesha utotoni lilikuwa na usukani wa fimbo," wameandika. "Treni haina usukani. Sasa nani huwa anaikunja?"

Mambo ya betri, mota na waya nayaruka. Fundi redio yeyote wa sokoni atawaeleza kwa dakika chache kuliko nitakazotumia mimi. Neno moja tu: mkitaka umeme upite kwenye reli zenyewe, kama wanavyofanya wenye treni ndogo za viwandani kwa volti 12, gurudumu la kushoto na la kulia yasigusane kwa chuma, la sivyo mtakuwa mmeunda shoti yenye mabehewa.

Vipimo navyo nitavipitia haraka, ingawa vina utamu wake. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, wakati wa Wajerumani, ikafika Moshi mwaka 1911. Waingereza waliifikisha Arusha mwaka 1929. Upana kati ya reli mbili, yaani geji, ni mita 1. Watengenezaji wa treni ndogo duniani hupenda uwiano wa 1 kwa 87, na kwa reli za geji ya mita 1 hutumia njia ya milimita 12. Kwa uwiano huo, kilometa 352 za kutoka Tanga hadi Moshi zinakuwa kilometa 4 na ushei. Kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kinakuwa kama mita 68. Hakuna sebule ya Moshi, iwe ya Rau au ya Shanty Town, itakayoweza kubeba hayo. Kila anayejenga reli ya mezani hukata, hukunja na kudanganya macho: vituo vitatu vinawakilisha ishirini, na mlima unachorwa ukutani.

Sasa twende kwenye kona, maana hapo ndipo penye uhondo.

Magurudumu mawili ya treni, la kushoto na la kulia, yamekazwa kwenye ekseli moja ya chuma. Likizunguka moja, na jingine linazunguka, kwa kasi ileile, bila hiari. Gari dogo halifanyi hivyo. Gari lina difrensha, inayoliruhusu tairi la nje ya kona kuzunguka mara nyingi kuliko la ndani, kwa kuwa njia ya nje ni ndefu zaidi. Treni haina difrensha. Njia yake ya nje bado ni ndefu kuliko ya ndani, na magurudumu yake yamefungwa pamoja. Kwa hesabu ya kawaida, moja lingepaswa kuburutwa kila kona, kutoka Tanga mpaka Moshi, na reli zingesagika mapema.

Fikirieni mstari wa askari kumi, bega kwa bega, siku ya gwaride la Uhuru. Ngoma inapiga, mguu wa kushoto unashuka kwa pamoja, wa kulia kwa pamoja. Inatoka amri ya kugeuka kushoto bila kuvunja mstari. Askari wa kushoto kabisa karibu anakanyaga palepale. Wa kulia kabisa anarusha miguu, anakula ardhi. Wa katikati wanapanga hatua zao kati ya hao wawili. Ngoma, hata hivyo, haijabadilika. Hakuna aliyepiga hatua kumi wakati mwenzake amepiga sita. Idadi ya hatua ni moja kwa wote. Kilichobadilika ni urefu wa hatua, na kwa sababu hiyo mstari unageuka ukiwa umenyooka.

Ekseli ndiyo ngoma. Inawalazimisha askari wawili, gurudumu la kushoto na la kulia, kupiga idadi ileile ya mizunguko. Ili mstari ugeuke, askari wa nje lazima arefushe hatua na wa ndani afupishe. Hatua ya gurudumu ni mzingo wake, yaani umbali linaokwenda likizunguka mara moja. Tunahitaji basi gurudumu linaloweza kurefusha mzingo wake likiwa upande wa nje na kuufupisha likiwa upande wa ndani, tena bila kuamriwa, kwa kuwa chuma hakina masikio.

Gurudumu hilo lipo, na kila anayesafiri kwa treni hulikalia. Ukilitazama kwa mbali utadhani uso wake unaokanyaga reli ni bapa. Siyo. Umechongwa kwa mshazari: upande wa ndani, karibu na ule ukingo uliotokeza, gurudumu ni nene, kuelekea nje linapungua. Ni kipande cha pia, lile umbo la hisabati lenye kitako cha duara na ncha moja. Kipimo cha miaka mingi ni 1 kwa 20: ukisogea milimita 20 kutoka ndani kwenda nje, nusukipenyo kinapungua milimita 1.

Kiasi hicho cha kuchongoka nitakiita upia. Neno halimo kwenye kamusi, na mhariri ameshaniuliza kwa nini nisiseme "mteremko" nikaendelea na kazi. Nimekataa, kwa sababu reli ya Moshi ina miteremko yake tayari, na msomaji angedhani treni inashuka.

Treni inapoingia kwenye kona, ekseli inataka kuendelea mbele moja kwa moja huku njia ikipinda. Kwa hiyo inasogea kidogo kuelekea nje. Kusogea huko ndiko amri ya kamanda. Gurudumu la nje sasa linakanyaga reli kwa sehemu yake nene, karibu na ukingo: hatua imerefuka. La ndani linakanyaga kwa sehemu nyembamba: hatua imefupika. Ngoma ni ileile, mstari unageuka. Kona ikiwa kali zaidi, ekseli inasogea zaidi, na tofauti ya hatua inakua yenyewe.

Tuweke tarakimu. Chukueni gurudumu la kipenyo cha sentimita 84. Likisogea milimita 5 tu, nusukipenyo cha la nje kinaongezeka robo milimita na cha la ndani kinapungua robo milimita. Kwa kila mzunguko mmoja, la nje linakwenda milimita 3 na kidogo zaidi ya mwenzake. Milimita 3 katika safari ya mita 2.6! Kiasi hicho, ambacho macho hayawezi kukiona, kinatosha kuizungusha ekseli ya geji ya mita 1 kwenye kona yenye nusukipenyo cha karibu mita 900.

Msiniamini kwa maneno. Tafuteni vikombe vinne vya plastiki, vile vipana mdomoni na vyembamba kitakoni. Viwili viunganisheni kwa gundi ya karatasi mdomo kwa mdomo, ili unene uwe katikati. Viwili viunganisheni kitako kwa kitako, wembamba uwe katikati. Wekeni fito mbili sambamba zenye mteremko mdogo, kisha achieni jozi ya kwanza mkiwa mmeiweka upande makusudi. Itayumba, itajirekebisha, itashuka hadi chini. Achieni jozi ya pili: itakwenda kidogo, itapotoka, na badala ya kujirudi itazidi kupotoka mpaka ianguke. Plastiki ni ileile, uzito ni uleule, fito ni zilezile. Tofauti ni upande ambao pia imeelekea.

Jozi ya kwanza ina jambo jingine la kutazama. Haishuki kwa mstari ulionyooka. Inakwenda kushoto, inarudi, inapita katikati, inakwenda kulia, inarudi. Ekseli ikirudishwa katikati huwa bado imeelekea upande, kwa hiyo inapitiliza, nayo hurudishwa tena. Mwendo huu wa nyoka uko kwenye kila treni yenye upia. Mwaka 1883 mhandisi Mjerumani aitwaye Klingel alikokotoa urefu wa wimbi lake na akakuta unategemea vitu vitatu tu: ukubwa wa gurudumu, upana wa njia na upia. Kasi haimo. Kwa gurudumu letu la sentimita 84 kwenye geji ya mita 1, wimbi moja lina urefu wa karibu mita 13. Gawanyeni kwa 87: sentimita 15. Treni ndogo ya mezani, ikichongwa kwa uwiano sahihi, itajipinda kila sentimita 15, kwa kuwa kanuni ya Klingel ni jiometri tupu na jiometri haijali kama uko kwenye reli ya Moshi au uko sebuleni. Katika sayansi ya treni sijui kitu kinachonifurahisha kuliko hiki.

Urefu wa wimbi haubadiliki, lakini treni ikikimbia zaidi mawimbi hayo hupitwa kwa haraka zaidi, na mtikisiko unaweza kukua mpaka behewa lishindwe kutulia. Wajapani walikutana na tatizo hili walipokuwa wakiandaa Shinkansen, iliyoanza safari mwaka 1964. Mmoja wa waliolitatua ni Tadashi Matsudaira, mtaalamu wa mitetemo ambaye wakati wa vita alikuwa akishughulikia mitikisiko ya ndege za kivita za Zero. Shinkansen ya kwanza ilipewa upia wa 1 kwa 40, nusu ya ule wa kawaida. Treni yetu ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, imesanifiwa kwa kasi ya kilometa 160 kwa saa, na kwa kasi kama hiyo mwendo wa nyoka ni jambo ambalo wahandisi hawawezi kulipuuza.

Na ule ukingo? Wengi hudhani ndio unaoikunja treni. Kwenye kona pana, ukingo ni mlinzi tu, anasubiri. Kona ikiwa kali kuliko upia unavyoweza kumudu, ukingo hugusa reli na kuibana, na hapo ndipo mnaposikia mlio mkali wa chuma. Kona za mezani karibu zote ni kali kiasi hicho: ili upia peke yake uikunje treni ya milimita 12, mngehitaji duara la kipenyo cha kama mita 3. Kwa hiyo ukingo uwepo, na uwe laini. Kuna pia suala la ekseli mbili kufungwa kwenye bogi moja, yaani fremu moja chini ya behewa, ambalo hupunguza uhuru wa kila ekseli, lakini tusilifungue leo.

Uzito ni jambo jingine linaloangusha treni za mezani. Urefu ukigawanywa kwa 87, uzito hugawanywa kwa 87 mara tatu, yaani zaidi ya 658,000. Injini za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilikuwa na uzito wa karibu tani 250. Moja yao, Mount Shengena, iliyopewa jina la kilele cha milima ya Upare, ipo kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Kwa uwiano wetu ingekuwa na gramu 380 hivi. Behewa tupu la tani 10 linakuwa na gramu 15, na gramu 15 hurushwa na punje ya mchanga. Wekeni nati au vipande vya risasi sakafuni mwa behewa, chini kabisa, ndipo likae.

Kuhusu kuendesha pamoja, ushauri wangu ni kuchagua Kahe. Hapo njia ya Tanga hukutana na ile ya Voi kupitia Taveta, iliyojengwa na jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja wenu awe stesheni masta wa Kahe, mmoja wa Moshi, mmoja wa Same, wa nne awe dereva. Njia ni moja, kwa hiyo treni isiondoke kituoni mpaka dereva akabidhiwe kijiti cha kipande hicho cha njia, na kijiti kiwe kimoja tu. Mchezo ukishika sheria hiyo, watu wanne watakuwa na shughuli jioni nzima.

Lakini yote hayo yaje baadaye. Kwanza ng'oeni magurudumu ya ndala. Mpelekeeni fundi wa mashine ya kukereza kipande cha shaba au plastiki ngumu, mwambieni upia wa 1 kwa 20, unene uwe ndani, ukingo uwe mdogo na wa mviringo, na magurudumu mawili yakazwe kwenye ekseli moja yasicheze. Pimeni umbali kati ya kingo mbili kwenye kila ekseli, na iliyozidi au kupungua mrudisheni fundi airekebishe. Fedha mliyotenga kwa miti, nyumba na theluji ya Kibo itumieni hapo. Treni yenye magurudumu sahihi itakata kona hata kama mlima bado ni ukuta mtupu. Yenye magurudumu mabaya itaanguka mbele ya mlima uliopakwa rangi vizuri.