Safu za Ishango

Safu ni mpangilio ambamo mahali pa kila kitu huwa na maana. Katika kompyuta, thamani hutambuliwa kwa nafasi yake safuni. Mfano mkongwe unaohusishwa na dhana hii ulipatikana Ishango, kusini mwa Beni na kusini-mashariki mwa Butembo, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Edward. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua huko mfupa mdogo wenye kipande cha kwatzi nchani. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi.

Mfupa huo una chale zilizopangwa katika safu tatu. Moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Nyingine 11, 21, 19 na 9. Jumla ya kila moja ni 60. Safu ya tatu, yenye jumla ya 48, ina 3 kando ya 6, 4 kando ya 8, na 10 kando ya 5, kisha 5 na 7.

De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu. Alexander Marshack aliona kumbukumbu ya siku za mwezi. Hakuna tafsiri iliyothibitishwa. Kwamba 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa hakuonyeshi kuwa mchongaji alijua ugawanyaji. Linaloonekana ni kwamba chale zilitengwa kwa mafungu, na mafungu yakapangwa. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels, mbali na wanafunzi wa Butembo na Beni ambao ndio warithi wake wa karibu.