Haliwaki, au Halizunguki?

Asubuhi za Butembo, mashariki mwa Kongo, zina baridi. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kaskazini kidogo tu ya ikweta, na kabla jua halijapanda vilimani ukungu unakuwa bado umelala mabondeni. Saa hiyo ndiyo Hiace hutaka kuondoka kwenda Beni, kilomita 54 kwa Barabara ya Taifa namba 2. Siku hiyo tulikuwa tumeshabanana vitini, magunia ya viazi yamefungwa juu. Shofere akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Likasikika “tak” moja chini ya viti vya mbele, basi.

“Gari limekataa kuwaka,” mama mmoja akasema, na sote tukarudia maneno hayo hayo.

Hapo ndipo tunapojiponza. “Kutowaka” tunalitumia kwa magonjwa mawili yasiyo na undugu. Kuna gari ambalo injini yake inazunguka, inahema na kutetemeka, lakini moto haushiki. La namna hiyo, kosa litafutwe kwenye mazutu, yaani dizeli: chujio lililoziba, hewa iliyoingia kwenye mabomba, pampu, buji za kupasha joto. Na kuna gari ambalo injini haizunguki hata robo duara. Kwa hilo la pili zamu ya mazutu bado haijafika. Hata hivyo nimeona mara nyingi mno watu wakifungua chujio na kulegeza mabomba ya sindano za mafuta kwenye gari ambalo demareri yake haikugeuka kabisa. Saa mbili zinapotea, na hewa inaingia kwenye mafuta ambayo hayakuwa na kosa. Gari lililokuwa na ugonjwa mmoja sasa lina miwili.

Demareri, ambayo Wakenya na Watanzania huiita stata, ina kazi ngumu kwenye gari la mazutu. Injini hiyo haina buji ya cheche. Inaibana hewa mpaka ichemke: mara 16, mara 20, na kwenye injini ya 1HZ ya Land Cruiser zile za kazi, zaidi ya mara 22. Hewa hiyo inapita digrii 500, na ndiyo inayowasha mazutu yanaponyunyizwa ndani. Kuzisukuma pistoni dhidi ya ukinzani huo kunadai ampea mia kadhaa kwa mara moja. Sasa ongeza baridi: oili imekuwa nzito, na betri yenyewe ikipoa inatoa nguvu pungufu. Ndiyo maana betri iliyochoka inaweza kuzungusha injini vizuri jana mchana kule Beni, mji ulio chini zaidi na wenye joto, kisha ikashindwa leo alfajiri Butembo. Shofere anaapa kwamba jana gari lilikuwa zima, na anasema kweli.

Fundi aliyeitwa alikuja na mfuko mdogo wa vifaa. Hakugusa kitu. “Shofere, acha ufunguo kwanza. Washa taa.” Akasimama mbele ya gari, akaomba ufunguo ugeuzwe, akaangalia taa huku akisikiliza.

Kipimo hicho hakina gharama, na kila mwenye gari angepaswa kukijua. Taa zikizimika kabisa wakati wa kugeuza ufunguo, umeme ni haba: betri imekwisha, au vichwa vyake vimelegea, au kuna kitu kinaizuia injini yenyewe isizunguke. Zikibaki zinang’aa na husikii chochote, amri ya ufunguo haifiki kwenye demareri, basi tazama fyuzi, relei, swichi ya ufunguo, na kwa gari la otomatiki swichi ya gia, kwa maana haliruhusu kuanza nje ya P au N. Ukisikia “ta-ta-ta-ta” ya haraka, betri ina nguvu ya kuvuta sumaku ya demareri lakini haina ya kuzungusha. Sumaku inashika, volti zinaanguka, inaachia, inashika tena. Na ukisikia “tak” moja nzito huku taa zikibaki na mwanga, ishuku demareri yenyewe.

Hiyo ya mwisho inastahili kuelezwa, kwa sababu demareri nyingi za Toyota hutupwa bure. Ndani ya sumaku yake kuna vipande viwili vya shaba, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba. Kila asubuhi sahani ya shaba inavigonga na kuunganisha umeme wote ule, na kila mara cheche inavila kidogo. Baada ya miaka, kimoja kinakuwa kimeliwa mpaka kimepinda kama kijiko, na sahani haikifikii tena. Sehemu nyingine zote za demareri ni nzima. Fundi mwenye subira anabadilisha vipande hivyo viwili na kuirudisha kazini. Asiye na subira anakutuma kununua nyingine, iliyopita mpakani Kasindi ikitoka Kampala, nayo pengine ina shaba iliyoliwa vilevile.

Kwenye Hiace yetu taa zilififia sana. Abiria mmoja akasema tununue betri. Fundi akatoa kipimo cha volti: 12.5 betri ikiwa imetulia, yaani si mbaya. Ufunguo ulipogeuzwa, betri ikabaki juu ya 11. Betri iliyokufa ingeshuka chini ya 9. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla. Akaweka ncha moja ya kipimo kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akaomba ufunguo tena. Kikasoma karibu volti 4. Kwenye waya mzima usingepata hata nusu volti. Umeme ulikuwa unapotelea njiani, kati ya betri na injini, kwenye waya wa masi, yaani wa upande hasi.

Alipokuwa amelala chini ya gari, shofere wa lori la Fuso lililokuwa jirani akajitolea kutuchangia umeme. Fundi akakataa kwa sauti, na alikuwa sahihi. Malori mengi yana betri mbili zilizofuatanishwa kutoa volti 24. Ukiziunganisha na gari la volti 12 unaweza kuunguza kila kitu, hata kulipua betri. Ukali wa namna hiyo hiyo unahitajika kwa gari lililovuka maji ya mafuriko na ghafla haligeuki. Maji hayabaniki kama hewa. Ukilazimisha demareri, au ukilisukuma kwenye mteremko, unapinda mikono ya pistoni. Injini hiyo igeuzwe kwanza kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya mbele, na ikigoma sindano zitolewe ili maji yapate pa kutokea.

Watu wa mbali wanaweza kushangaa kwa nini naandika kwa uchungu juu ya waya. Kwetu gari lisilozunguka si usumbufu tu. Kuelekea mji wa Komanda magari yamekuwa yakienda kwa misafara inayosindikizwa na askari kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa ADF, na msafara haumngoji mtu. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018 na kuua zaidi ya watu 2,200 kabla ya kumalizika Juni 2020, chanjo iliyohitaji kuhifadhiwa kwenye baridi ya digrii 60 chini ya sifuri au zaidi ilifikishwa vijijini kwa magari kama haya haya. Kakao ya Beni na viazi vya Lubero vinategemea asubuhi ile ile, ufunguo ule ule.

Fundi akatoka chini ya Hiace akiwa na waya mkononi. Kichwa cha waya huo kilikuwa kimevikwa udongo mwekundu, na ndani ya udongo huo unga wa kijani. Akakikwangua kwa msasa mpaka kikang’aa, akakwangua na mahali kilipofungwa kwenye injini, akakaza. Dakika kumi, na malipo hayakufikia hata robo ya bei ya betri.

“Jaribu sasa, shofere.”

Injini ikageuka mara moja na kushika. Tukarudi vitini, magunia yakakazwa upya, na shofere hakuizima mpaka Beni.