Farasi naye huugua pumu

HUENDA wewe, msomaji, humiliki farasi wala hutarajii kummiliki. Lakini ikiwa una mtoto anayelala na inhela chini ya mto, au kama una mazoea ya kuipeleka familia Ngong siku ya Jumapili kutazama mbio za farasi, habari hizi zinakuhusu. Mnyama huyo unayemwona akipita kama mshale, ardhi ikitetemeka chini ya kwato zake, naye hushikwa na pumu. Na wala si mzaha, kwani ni ugonjwa ule ule, na hata dawa zake zinafanana na za mwanao.

Hebu kwanza tutazame anavyopumua. Sisi binadamu pua ikiziba tunafungua mdomo na maisha yanaendelea. Farasi hawezi. Koo lake limeumbwa kwa namna ambayo hewa hupitia puani pekee. Akiwa ametulia hupumua kati ya mara 8 na 16 kwa dakika. Akienda shoti, kila anaporuka hatua moja huvuta pumzi moja, na kwa dakika moja anaweza kupitisha lita 1,500 za hewa mapafuni na zaidi. Hizo ni zaidi ya pipa saba, yale mapipa makubwa ya lita 200. Kwa hivyo njia ya hewa ikifinyika hata kidogo tu, mbio zimekwisha.

Wengi hudhani kwamba baridi ndiyo humharibia farasi mapafu. La hasha! Mara nyingi ni chakula chake. Nyasi zikifungwa marobota kabla hazijakauka sawasawa, huota kuvu ndani kwa ndani. Siku robota linapofunguliwa, huinuka vumbi lililojaa mbegu za kuvu, chembe ndogo mno zinazofika hadi ndani kabisa ya mapafu. Naye farasi amezamisha pua humo humo akila. Mirija ya hewa hufura, misuli yake hujikaza na kamasi nzito hujaa.

Jina "pumu ya farasi" lilikubaliwa na wataalamu wa mifugo mwaka wa 2016, baada ya miaka mingi ya majina chungu nzima. Hata hivyo, ufanano huo ulikwisha kuonekana zamani. Mnamo 1698 daktari mmoja wa Uingereza, John Floyer, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa pumu, aliandika kitabu kuhusu ugonjwa wake na humo akaeleza mapafu ya farasi jike aliyekuwa akihema kwa taabu.

Dalili huanza kimyakimya. Farasi hukohoa mara moja au mbili anapotolewa bandani asubuhi, au anapoanza mwendo wa matiti. Saisi mvivu atakuambia, "Ah, ni vumbi tu." Ndiyo, ni vumbi, na hapo ndipo penye balaa! Akiachwa hivyo, utaona tundu za pua zimetanuka hata akiwa amesimama tu, na tumbo likisukuma mara mbili ili kutoa pumzi moja. Baada ya miezi kadhaa misuli ya tumbo hutuna, mstari ukajichora chini ya mbavu kama mfereji. Farasi wa namna hiyo amekwisha kuteseka kwa muda mrefu.

Pumu hii haina dawa ya kuimaliza kabisa. Kule Ulaya daktari atamshauri mwenye farasi amtoe bandani, akae malishoni usiku na mchana, ale nyasi mbichi na kuvuta hewa safi. Ushauri mzuri huo. Lakini hapa kwetu una mwiba.

Mwiba wenyewe ni usubi, wale wadudu wadogo wanaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, na ambao huzidi baada ya mvua. Usubi ndio hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na virusi vya aina tisa. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuonekana mgonjwa, na punda wa kawaida ni nadra kulemewa. Farasi ndiye huangamia. Katika koloni la Cape, Afrika Kusini, farasi wapatao 70,000 walikufa mwaka wa 1854 na 1855. Ugonjwa ukishuka mapafuni, farasi aliyekula vizuri asubuhi anaweza kuwa anahema kwa shida jioni, povu likimtoka puani, na ni wachache wanaopona. Pumu huja polepole na kwa kawaida haina homa. Ukiona homa na povu, usingoje kesho. Mwite daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Kuna chanjo, na hutolewa kila mwaka. Juu ya chanjo, farasi huingizwa bandani kabla ya jua kutua na kutolewa jua likishachomoza. Umeona basi mtego ulipo? Banda linalomkinga na usubi ndilo linalomlisha vumbi usiku kucha.

Kwa maoni yangu, jawabu ni kulirekebisha banda, si kulikimbia. Nyasi kavu zilowekwe majini kwa muda wa dakika 10 hadi 30, zichujwe, kisha ziliwe zikiwa bado mbichi kwa maji. Zikiachwa zikakauka tena, kazi imekuwa bure, na katika joto huchacha. Robota lenye harufu ya uvundo lisilowekwe wala lisikaushwe. Litupwe. Mabua ya kulalia yaondolewe na badala yake yawekwe maranda yasiyo na vumbi. Saisi anapofagia, farasi awe nje, na asirudishwe mpaka vumbi litulie. Ghala la nyasi lisiwe juu ya banda, maana kila anayekanyaga dari huwanyunyizia walio chini. Madirisha yabaki wazi, lakini yawekwe wavu wenye matundu madogo sana, kwa kuwa usubi hupenya neti ya kawaida ya mbu. Na haitoshi kumshughulikia mgonjwa peke yake: vumbi la jirani yake halijui ukuta.

Jambo jingine ambalo watu hulipuuza ni hori. Liwekwe chini. Farasi akila ameinamisha kichwa, kamasi hushuka na kutoka, kama anavyofanya malishoni. Ndiyo sababu pia farasi aliyefungwa kichwa juu ndani ya lori kwa saa nyingi huweza kushuka akiwa na homa ya mapafu.

Hali ikizidi, daktari hutumia dawa za kupunguza uvimbe, pamoja na dawa ya kulegeza mirija, wakati mwingine kwa inhela yenye kifuniko kinachovishwa puani. Lakini dawa bila kuondoa vumbi ni kupoteza pesa. Isitoshe, dawa hizo haziruhusiwi kuwamo mwilini mwa farasi siku ya mashindano, na nyingine huchukua siku kadhaa kutoka. Mwenye farasi anayekohoa Jumatano, basi, hana budi kulifuta jina lake katika orodha ya Jumapili, hata kama joki ameshapatikana na marafiki wameshaalikwa.