Mgonjwa wa akili anabaki mwanachama wetu



Tumezoea kuwaandikia juu ya mbegu, bei ya mpunga na njia ya kufikisha mali Kisangani. Safari hii tunasema juu ya mkulima mwenyewe. Mkono unaweza kuwa na nguvu na jembe likawa kali, lakini kichwa kikiugua, shamba linarudi kuwa pori.

Huku Ubundu watu wameona mengi. Mwaka 1997 maelfu ya wakimbizi walipita katika njia hii ya reli, na wengi walikufa. Kiisha vita ikarudi mwaka 1998. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umekimbiza familia nyingi mkoani. Si kila aliyepita humo anaugua, na si kila ugonjwa wa akili unatokana na vita. Lakini kila kijiji kiko na mtu wake.

Tunajua vile inaendaga. Mtu anaacha kulala, anaongea peke yake, ao anajifungia nyumbani bila kula wala kuoga. Watu wanasema amerogwa. Mbuzi zinauzwa, kiisha mbegu, kiisha shamba lenyewe. Akianza kusumbua, anafungwa kamba. Katika likelemba, zamu yake inapewa mwingine. Siku akipata nafuu, anakuta hana pa kulima wala mtu wa kuongea naye, na ugonjwa unarudi.

Magonjwa mengi ya akili yanatunzwa, na mtu anaweza kurudilia kazi yake. Koperative haiwezi kuwa hospitali. Lakini kuna mambo manne ambayo ni yetu.

Tumlindie nafasi yake. Mkutano mkuu uandike katika kanuni za ndani: mwanachama akiugua, ugonjwa wa akili ukiwamo, sehemu yake na shamba lake haviguswi. Wanachama wapalilie kwa zamu, sawa vile tunafanya mama akijifungua. Akirudi, aanze na kazi ndogo na alipwe sawa na wengine. Huko Nigeria, mwaka 1954, Dokta Thomas Lambo alianza kuwaweka wagonjwa wa hospitali ya Aro katika nyumba za wakulima wa vijiji vya jirani, wakitunzwa huku wakiishi na kufanya kazi kati ya watu. Kazi inasaidia kuponyesha, kama hailazimishwi.

Tumsindikize. Familia peke yake inachoka. Watu wawili wa koperative waende nayo kituo cha afya, wamweleze munganga: ilianza lini, analala ao halali, anasikia sauti ao hapana, anatumia dawa gani ao pombe gani. Mtu akianza kusema ovyo kwa ghafla na mwili uko moto, msingoje hata siku moja. Inaweza kuwa malaria kali. Kituo kikishindwa, kimtume hospitali kuu ya zone. Kufika Kisangani ni kilomita 125 hivi kwa reli, na mgonjwa mwenye kuhangaika hawezi kuvumilia moto mchana kutwa. Sosame ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma wanatunza wagonjwa hao, lakini ni mbali zaidi. Kwa hiyo kinachowezekana hapa kifanyike hapa. Dawa zisikatwe bila neno la munganga. Wenye kuomba waombe, lakini mgonjwa asinyimwe dawa, chakula wala maji. Na kama mtu anasema anataka kufa, msimuache peke yake, na dawa za kuua wadudu ziondolewe nyumbani kwake.

Tusikilizane. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, wataalamu walipima njia moja kwa watu wenye huzuni nzito. Katika nusu ya vijiji, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake walikaa kikundi kila juma, kwa majuma 16. Aliyewaongoza alikuwa mtu wa kwao aliyefundishwa, si dokta. Waliongea juu ya vifo, magomvi ya nyumbani na maisha yaliyobadilika. Huzuni yao ilipungua sana kuliko katika vijiji vingine, na kazi za kila siku wakaziweza tena. Koperative tayari iko na pahali pa kukutania na siku ya kukutana. Tuombe zone ya afya itutafutie mwenye kufundisha. Na yanayosemwa ndani ya kikundi yasitoke kwenda sokoni.

Tuseme kwa sauti moja. Mama mmoja akiuliza dawa, anaambiwa arudi kesho. Koperative ikiandika barua yenye muhuri, inajibiwa. Kila eneo la afya liko na komite yake, CODESA, na watu wa RECO wanaopita nyumba kwa nyumba. Tumtume mjumbe wetu humo aulize: kituo chetu kiko na munganga aliyefundishwa ugonjwa wa akili? Haloperidol na amitriptyline, ambazo ziko katika orodha ya dawa za lazima ya OMS, ziliagizwa? Tena sheria iko upande wetu. Kifungu cha 16 cha Katiba kinakataza kumtesa mtu. Sheria n° 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, na ulemavu wa akili umo. Kumfunga mtu kamba miezi na miezi si matunzo.

Kwa mkutano wenu ujao, tunaomba muweke maswali matatu: nani kati yetu hatujamuona tangu msimu uliopita? Shamba lake liko katika mikono ya nani? Na nani wawili watafika kwake juma hili? Andikeni majina yao wawili katika daftari, na mkutano unaofuata waanze kwa kutoa ripoti.